Kitengo cha Kutazama Runinga kwa Niaba ya Umma

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kitengela, Kisaju, Kajiado mjini na kwingineko ambako habari hii itafika ikiwa imechelewa: kuanzia leo, hakuna mwananchi atakayesumbuka kutazama runinga ili aone maendeleo yake. Mamlaka imemtafutia mtu wa kumtazamia.

Ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa Mamlaka ya Uonekano wa Maendeleo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vyakula vya mifugo, hapo Kitengela. Lilikuwa na mihuri mitatu. Muhuri wa kwanza ulithibitisha tangazo, wa pili ulithibitisha ule wa kwanza, na wa tatu ulipigwa kwa sababu wino ulikuwa bado upo.

Huyo mtu wa kutazama alikuwa Githongo. Yeye ndiye aliyeliandika tangazo, akalipiga mihuri, akalibandika, halafu akashuka ngazi na kupanda tena ili alikute kama mgeni. Lilimpendeza sana. Alilisoma mara mbili, na mara ya pili akatikisa kichwa, akasema kwa sauti, "Hawa watu wanafanya kazi."

Sasa msije mkakosea. Mamlaka hii haikuundwa ilete maji, wala barabara, wala zahanati. Hizo ni kazi za watu wengine, na kama hawazifanyi, hayo ni kati yao na Mungu wao. Kazi ya Mamlaka ilikuwa kuhakikisha kwamba maendeleo yanaonekana. Kuonekana ni taaluma, jamani, na ina watu wake.

Ndiyo maana Mamlaka ilikuwa na mfereji wake yenyewe. Ulikuwa mfereji mmoja, umefungwa kwenye kijiukuta cha mbao kilichopakwa rangi ya simiti, na nyuma ya kijiukuta likafichwa tangi dogo la plastiki. Katika daftari la mali uliitwa Mfereji wa Uzinduzi. Ulipakiwa kwenye pikapu, ukapelekwa mahali, utepe ukakatwa, maji yakatoka, watu wakapiga makofi, picha zikapigwa, wazee wakanywa soda, mfereji ukapakiwa ukarudi Kitengela kabla ya saa kumi. Ulikuwa umezinduliwa mara kumi na moja katika sehemu kumi na moja, na haukuwa umevuja hata siku moja. Githongo mwenyewe alikuwa ameubeba mara nne. Hakuwahi kujiuliza swali lolote ila hili: kwa nini upande wake ndio huwa mzito?

Kilichokuwa kinamkosesha usingizi Githongo ni barua. Miaka sita alikuwa afisa wa muda. Kila baada ya miezi mitatu mkataba wake ulikwisha, na kila mara alikaa wiki nzima akitembea ofisini kwa vidole, asije akakumbusha mtu. Alichokuwa anangoja ni barua moja ya ajira ya kudumu, yenye sahihi ya Mkurugenzi. Mke wake, Nduta, alikuwa ameiombea hiyo barua kanisani muda mrefu hadi mchungaji akamwita pembeni, akamshauri kwa upole wajaribu ombi lingine kwanza. Nduta alikuwa na hoteli ndogo Kisaju, ya chai, chapati na madondo, na maji ya hoteli aliyanunua kwa bauza, lile lori la maji. Wateja wake walinawa mikono kwa kikombe kimoja, na aliyeomba cha pili alitazamwa.

"Barua ikitoka," Nduta alikuwa akimwambia, "angalau mtu mmoja katika hii nyumba atajua kesho yuko wapi."

Basi siku moja Mkurugenzi, Bwana Njogu, akamwita Githongo ofisini. Njogu alikuwa mtu mnene, mcheshi, anayependa kuzungumza akiwa amesimama kando ya picha yake mwenyewe.

"Githongo, Jumanne saa nne asubuhi niko kwa TV. Kipindi kizima. Walinirekodi wiki jana, nikaongea mpaka mtangazaji akakosa swali."

"Hongera, Mkurugenzi."

"Sasa sikia. Alhamisi bodi inakaa Kajiado, inaamua kama nitaongezewa miaka mitano. Nataka waone hicho kipindi na macho yao. Wewe ndiye utakinasa. Ukininasia vizuri, hiyo Alhamisi nasaini barua yako ya kudumu hapo hapo mbele ya bodi. Iko tayari, imebaki kalamu tu."

Githongo alisema ndiyo kabla Mkurugenzi hajafika kwenye neno kalamu.

Tatizo lilikuwa dogo. Ofisi haikuwa na runinga. Ilikuwa nayo, lakini Mkurugenzi aliihamishia nyumbani kwake kwa ajili ya usalama, na tangu siku hiyo imekuwa salama kabisa. Kilichobaki ofisini ni kile ambacho nyaraka za Mamlaka zilikiita kipakatalishi, na watu wengine wote wakakiita laptop. Kilikuwa na ufa pembeni mwa kioo, na herufi N ilikuwa imeng'oka. Githongo akakifunga kwenye mfuko wa unga, akashuka nacho hadi kwa Faysa.

Faysa alikuwa na duka la vitu vya umeme karibu na steji ya magari ya Namanga. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyauza ghali.

"Salaam aleikum, Faysa."

"Waleikum salaam, Githongo. Kama ni ile printa, rudi nayo."

"Hapana, leo ni jambo kubwa. Nataka hii laptop ionyeshe TV na iinase."

Faysa akafungua droo, akatoa kidude kidogo cha kuchomeka ubavuni mwa laptop, na antena fupi yenye sumaku chini. Akachomeka, akaiweka antena juu ya kabati la chuma, akabonyeza hapa na pale, na mara mwanamke mmoja akatokea kwenye kioo akipika pilau. Githongo akapiga makofi. Faysa hakupiga.

"Sikiza vizuri. Picha inaingia kwa hiki kidude. Sauti pia inaingia kwa hiki kidude. Lakini hapa kuna mahali pa kuchagua sauti: ya TV ama ya maikrofoni ya laptop. Mimi nimeweka ya TV. Usiguse."

"Sitagusa."

"Githongo."

"Haki ya nani, sitagusa."

Na asingegusa, ni kweli, kama asingekuwa amekwisha kuandika Mwongozo. Mtu akikabidhiwa kitengo kama hiki cha kutazama runinga lazima aandike mwongozo, la sivyo atajuaje kwamba ana kitengo? Mwongozo wa Githongo ulikuwa na kurasa kumi na tisa. Kifungu cha nne kilisema kwamba kila rekodi rasmi itaanza na ushahidi wa sauti ya afisa anayerekodi, atakayetaja jina lake, cheo, namba ya ajira na hali ya hewa. Sasa hebu niambie, afisa atasikikaje kwenye rekodi kama maikrofoni imezimwa? Jumanne asubuhi, saa nne kasorobo, Githongo akatafuta mahali pale pa kuchagua sauti, akaweka maikrofoni. Akabonyeza kitufe cha kurekodi. Akasimama wima, mkono kifuani, akamwambia yule mpishi wa pilau, aliyekuwa tena kwenye kioo:

"Mimi Githongo, afisa wa muda, namba sifuri sifuri tisa. Kuna jua na upepo kiasi."

Alijisikia vizuri mno. Kurudisha sauti mahali pake hakukumbuka, kwa sababu Mwongozo haukuwa na kifungu cha kurudisha. Na yeye ndiye aliyeuandika.

Saa nne kamili Mkurugenzi akaingia na wafanyakazi wote nyuma yake. Watu wa kwetu hawatazami runinga wakiwa wamenyamaza, hilo mnalijua. Mtangazaji akisalimu, anaitikiwa. Mchezaji akikosa bao, anatukanwa pale pale. Na mtu akijiona mwenyewe kwenye runinga, basi hapo nyumba nzima ni yake. Laptop iliwekwa juu ya rimu mbili za karatasi ili Mkurugenzi asionekane chini ya kiwango. Mandazi yakaletwa. Njogu akakaa mbele kabisa, Githongo ubavuni mwake, mkono mmoja ukiwa kwenye antena.

Kwenye kioo Njogu alikuwa na suti ya kijivu na uso wa huzuni kidogo, uso wa mtu anayebeba watu. "Leo," alisema Njogu wa kwenye runinga, "mama wa Kisaju hatembei tena kilomita saba. Anafungua mfereji, maji yanatoka."

"Yanatoka dakika ishirini!" akasema Njogu wa kwenye kiti, mdomo umejaa andazi. "Githongo, si hiyo siku tangi lilikuwa nusu?"

"Nusu kasoro, Mkurugenzi."

"Nusu kasoro! Na bado mama akalia machozi! Unaona huyu, huyu wa kitambaa chekundu? Amebusu mfereji. Ati amebusu mbao yangu!"

Watu wakacheka. Githongo akacheka kuliko wote, kwanza kwa sababu alikuwa karibu, pili kwa sababu barua ilikuwa imebaki kalamu tu. Kilikuwa kicheko kirefu, chenye kukohoa katikati.

"Maji hayo," akaendelea yule wa runinga, "yatadumu vizazi na vizazi."

"Yalikuwa kwa pikapu saa tisa," akasema huyu wa kiti. "Mimi nawaambia, mwanamke wa Kisaju akitaka maji, akae karibu na TV. Huko ndiko yaliko!"

Hapo ofisi ilianguka. Githongo alipiga goti lake kwa kofi, akasema, "Umewamaliza, Mkurugenzi! Umewamaliza kabisa!" Katikati ya kicheko alimwona Nduta moyoni mwake akimimina maji kwenye kile kikombe kimoja, akaona aibu kidogo. Halafu Mkurugenzi akamgeukia kuona kama bado anacheka. Akacheka tena.

Alhamisi asubuhi alipita kwa Faysa ili amnakilie rekodi kwenye flashi, maana Mwongozo ulitaka nakala. Faysa akavaa visikizi, akabonyeza, akasikiliza. Akavua kimoja, akamtazama Githongo, akakivaa tena. Mwishowe akavivua vyote viwili na kuviweka mezani polepole.

"Githongo, hii umeisikiza?"

"Niliitazama. Picha ni safi."

"Vaa."

Akavaa. Kwenye kioo Mkurugenzi alikuwa akifungua mdomo kwa heshima na huzuni, na sauti yake ya runinga ilisikika kwa mbali, kama iko chumba kingine. Karibu, karibu kabisa na sikio, kulikuwa na mtu anatafuna andazi na kusema mwanamke wa Kisaju akae karibu na TV. Na juu ya yote, kulikuwa na kicheko. Githongo hakukitambua mwanzoni. Alijiuliza ni mnyama gani aliyeingia ofisini.

"Nilikwambia usiguse," Faysa akasema.

"Mwongozo ulisema..."

"Mwongozo aliandika nani?"

"Mimi."

"Basi jishtaki."

Githongo akakaa kwenye kreti la soda. Akauliza kama sauti ya maikrofoni inaweza kutolewa, ile ya TV ikabaki. Faysa akatikisa kichwa.

"Ile ya TV haikuingia. Iko hii tu. Unaweza kuzima sauti waone picha peke yake, lakini ukitaka kufuta hayo maneno, utafuta na kila kitu. Halafu niambie, huyu anacheka ni nani?"

"Ni... mfanyakazi fulani."

"Huyo mfanyakazi apelekwe hospitali."

Akaamua kuzima sauti. Alijieleza njiani hadi Kajiado kwamba picha ndiyo kuonekana, na kuonekana ndiyo kazi ya Mamlaka, kwa hiyo sauti ni ya ziada tu. Alijieleza vizuri hivi kwamba gari lilipopita Kisaju hakuangalia upande wa hoteli ya Nduta.

Bodi ya Mamlaka ilikutana katika ukumbi mdogo mjini Kajiado, wenye meza ndefu, projekta na pazia la kahawia. Wajumbe walikuwa watano. Mwenyekiti alikuwa Bi Kakenya, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mrefu mwenye shanga shingoni na miwani puani, anayesalimu kwa Kimaasai na kuuliza maswali kwa Kiswahili. Pembeni walikaa kina mama watatu kutoka Kisaju. Njogu ndiye aliyewaleta. Katika ratiba waliandikwa Wawakilishi wa Shukrani, na walipewa dakika tatu za kushukuru. Kiongozi wao alikuwa Waruguru, muuza sukuma wiki, jirani ya Nduta sokoni. Alikuwa na kitambaa chekundu kichwani.

"Baba Shiro, kumbe na wewe uko?" akamwambia Githongo kwa furaha. Shiro alikuwa binti yake Githongo, na Waruguru ndiye aliyemfundisha huyo mtoto kusuka vikapu. "Nduta anasema usisahau kurudi na sabuni."

Githongo akasema hatasahau.

"Supa," Kakenya akawasalimu wote, nao wakaitikia. "Mkurugenzi, tuonyeshe."

Njogu akainuka. Mbele yake, juu ya meza, kulikuwa na barua moja iliyopigwa chapa vizuri, na kalamu ya wino. Akamwonyesha Githongo barua hiyo kwa jicho, kisha akaashiria rekodi ianze. Picha ikaanza kwenye ukuta. Njogu wa ukutani akasema na kusema, bila sauti, akapunga mkono, akahuzunika. Mfereji wa Kisaju ukatoa maji.

"Mbona TV imenyamaza?" Waruguru akauliza. "Ama ni macho yangu yanasikia vibaya?"

"Kweli," akasema Njogu. "Githongo, weka sauti."

"Mkurugenzi, sauti iko na shida kidogo."

"Shida gani? Sauti yangu haijawahi kuwa na shida." Na kabla Githongo hajasogea, Mkurugenzi mwenyewe, kwa kidole chake kinene, akabonyeza na kushikilia hadi mwisho.

Sauti ikaja. Ilikuja na mandazi yake. Nusu kasoro ikasikika, na machozi ya mama, na mbao iliyobusiwa. Pikapu ya saa tisa ikasikika. Ikaja ile ya kukaa karibu na TV, na kicheko kikapanda ukutani hadi darini, kikakohoa, kikashuka. *Umewamaliza, Mkurugenzi! Umewamaliza kabisa!*

Githongo akafunga laptop. Waruguru alikuwa ameinua mkono akagusa kitambaa chake, akaushusha. Kakenya akavua miwani.

"Bwana Mkurugenzi, hiyo ni sauti ya nani?"

Njogu alikuwa mtu wa kuonekana, na mtu wa kuonekana hababaiki. Akakohoa mara moja tu.

"Mwenyekiti, nimesikitika sana. Siku hizi kompyuta zinaiga sauti ya mtu. Zinachukua sauti yako, zinajitungia maneno. Hata wachungaji wanaigwa. Hiyo sauti si yangu, na sijawahi kutamka maneno hayo mahali popote."

Wajumbe wakapumua. Mmoja, mzee mwenye koti la sufi, akasema ni kweli, mpwa wake aliigwa sauti na mtu aliyeomba apelekewe mbuzi, na mbuzi akaenda. Karani akaandika kwenye kumbukumbu: *Mashine iliiga.* Mambo yalikuwa yakitengenea. Njogu akaivuta ile barua mbele, akafungua kalamu, akamgeukia Githongo na uso wa baba.

"Mtaalamu wetu yuko hapa. Githongo, waambie. Mashine iliharibika, ikajitungia maneno. Si ndiyo?"

Githongo aliiona barua ikiwa juu chini, lakini jina lake alilisoma. Lilikuwa limeandikwa lote, bila kosa, na mbele yake hapakuwa na neno *wa muda*. Alitakiwa kusema ndiyo, neno alilokuwa amelisema kwa miaka sita bila kujichosha. Alilisema akiwa amelala. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Baba Shiro," Waruguru akasema, wala hakuwa na hasira, na hapo ndipo Githongo alipoumia. "Na yule anayecheka? Yeye pia ni mashine?"

Lo! Githongo alitafuta mahali pa kuangalia, asipaone. Angeangalia ukuta, alikuwa ametoka kucheka hapo. Akamwangalia Waruguru.

"Hapana," akasema. "Kicheko ni changu. Nilicheka mara tatu, Mama. Ile ya tatu niliilazimisha. Lakini ya kwanza ilitoka yenyewe, siwezi kukudanganya. Na mke wangu ananunua maji Kisaju, nikacheka tu." Akaigeukia meza ya bodi. "Na aliyekuwa akinichekesha ni Mkurugenzi."

"Uongo!" Njogu akapiga meza. "Mwenyekiti, huyu mtu ananiharibia jina! Nimesema sauti si yangu! Ana ushahidi gani? Neno lake tu!"

Na alikuwa na haki ya kusema hivyo, tuwe wakweli. Upande mmoja kulikuwa na Mkurugenzi mwenye suti, upande wa pili afisa wa muda, na neno la afisa wa muda lina uzito wa muda. Wajumbe walinong'onezana. Yule mzee wa koti alisema tena habari za mbuzi. Kakenya alikuwa amefundisha miaka thelathini na moja, na uongo ukiingia mlangoni aliujua kwa hatua zake. Lakini kujua si kuthibitisha, na bodi ilikuwa na kanuni.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "hatuna kitu cha kuonyesha kwamba maneno haya yalisemwa na Mkurugenzi."

"Hakuna!" akasema Njogu, na hapo ushindi ukampanda kichwani. Aliichana ile barua ya kudumu mara mbili, akaiacha mezani. Githongo aliangalia vipande. Alifikiria atakavyomweleza Nduta, na sabuni ataipatia wapi. "Na huyu hatatoka hapa akiwa mfanyakazi wangu. Namfuta sasa hivi, mbele yenu!" Akatoa kwenye mkoba Fomu ya Kusitisha Huduma. Alitembea nazo daima, kwa vile hujui utakutana na nani.

"Ni haki yako, Mkurugenzi," Kakenya akasema kwa upole, akavaa miwani yake. "Ila kanuni zinataka sababu iandikwe. Tena kwa ukamilifu, tusije tukarudishiwa na mawakili."

"Nitaandika! Si nitaandika!"

Akaandika. Aliandika kwa hasira, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu hadi meza ikatetemeka. Akasaini. Karani, ambaye hakuwahi kuona sahihi akaiacha bila nguo, akapiga muhuri. Njogu akaitupa ile fomu mbele ya Githongo.

"Shika! Ulitaka barua, umepata barua!"

"Isome," akasema Kakenya. "Kwa ajili ya kumbukumbu."

Githongo akainuka. Alikuwa msomaji mzuri wa barua za serikali.

"*Afisa huyu ameachishwa kazi kwa sababu zifuatazo. Moja: Siku ya Jumanne, nikiwa natazama runinga katika ofisi ya Kitengela, alirekodi mazungumzo yangu ya faragha bila idhini yangu. Mbili: Maneno niliyoyasema kwa mzaha kuhusu wanawake wa Kisaju na mfereji, ameyacheza mbele ya bodi. Sahihi: Njogu, Mkurugenzi.*"

Yule mzee wa koti alitafuta miwani yake mfukoni. Karani akarudi kwenye kumbukumbu zake, akatafuta mahali alipoandika mashine iliiga, akapiga mstari juu yake kwa rula.

"Maneno ya nani, Mkurugenzi?" Kakenya akauliza.

"Yangu, nimeandika hapo ya..." Njogu akaiangalia kalamu yake.

Wa kwanza kucheka alikuwa Waruguru. Hakucheka kwa sauti kubwa, alijifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa, mabega yakacheza. Wale kina mama wawili wakafuata. Kisha bodi ikashindwa, mmoja baada ya mwingine, hata mzee wa mbuzi. Githongo peke yake hakucheka. Alisimama akiikunja barua yake kwa nne, taratibu, kingo zikalingana.

Njogu akanyoosha mkono juu ya meza. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana, sasa haikuhitaji hata kupunguzwa. "Githongo, ndugu yangu, hebu nirudishie hiyo barua kidogo. Kuna mahali nimekosea."

Githongo akaitia barua kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Pole sana, mzee," akasema, kwa ule upole wanaopewa wananchi kwenye dirisha la ofisi ya Kitengela kila siku ya kazi. "Barua ikishapigwa muhuri si yako tena. Andika ombi, nakala tatu, ulete Jumatatu. Ukikuta tumefunga, ujaribu Jumatatu ile nyingine."